Spika ya Sendofu ya Elina

Jumapili, 13 Julai 2025

Nimesema ndiyo. Nimesemaje ndiyo mimi!

Alinanuswe kapita hapa baada ya ibada, kikapu cha parachichi mkononi. Tumesoma naye tangu darasa la kwanza kule Lufingo, na hajawahi kuja mikono mitupu akiwa na la kuomba. Sendofu ya binti yake Elina, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni tarehe 16 Agosti, nyumbani kwao hukohuko Lufingo, uwanjani, chini ya turubai. Watu mia tatu. Elina anataka nimwimbie "wimbo wake". Mdomo ukajibu kabla ya kichwa – nitaimba.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka kuwa sina sauti.

Si kwamba sina kabisa. Ipo. Ndogo, kavu, inakwaruza kama ufagio wa chelewa sakafuni. Tangu nilipopasuliwa tezi shingoni, mwaka wa pili huu. Daktari alisema mshipa mmoja wa sauti umechoka, huenda ukaamka, huenda usiamke. Haujaamka. Kituoni nikipokea maziwa, wafugaji wanainama juu ya ndoo ili wanisikie. Sijaimba mbele ya mtu tangu siku ile. Hata Emmanuel, mume wangu, baba wa mwanangu Lugano, hajanisikia.

Wimbo wa Elina niliutunga mwenyewe, kwa Kinyakyusa. Mama yake alilazwa mwezi mzima, mtoto akabaki kwangu, miaka minne, halali mpaka aimbiwe. Wimbo wa mgomba na chipukizi lake. Gita kavu na mdomo, basi. Baadaye nikauimba kwenye harusi nyingi tu za hapa Tukuyu, na uwanjani sikutaka maiki. Walisema nasikika ng'ambo ya bonde.

Sasa nataka spika. Spika gani? Sijui hata pa kuanzia.

Jumanne, 15 Julai

Nimepita kwa Hashimu, fundi redio wa karibu na stendi. Babu yake alitoka Kilwa na biashara ya vitambaa, yeye kazaliwa hapahapa, anajua kila waya wa mji huu. Nimemweleza shida yangu. Kanisikiliza macho yakiwa kwenye redio aliyoipasua tumbo.

"Dada Tuse, gita lako linataka pikapu."

Mimi pikapu ninayoijua inabeba ndizi! Kumbe ni kidude kama kifungo cha koti. Kinagandishwa kwenye tumbo la gita, kinasikia ubao unavyotetema. Waya unatoka hapo unakwenda kwenye mikisa, kisanduku cha kuchanganyia sauti. Maiki ya mdomo nayo inakwenda kwenye mikisa. Mikisa kwenye amplifaya. Amplifaya kwenye spika. Nimechora yote nyuma ya bahasha. Mishale mitupu.

Au – kasema – achana na hayo, chukua hii. Spika ya magurudumu, inanifika kiunoni, taa nyekundu na za bluu zinazunguka. Kila kitu kimo ndani. Nikajaribu maiki yake, moja, mbili. Nikatoka na mwangwi kama niko ndani ya kisima.

"Mwangwi unaficha mengi," kasema Hashimu.

Unaficha nini? Sikumuuliza. Najua.

Ijumaa, 18 Julai

Baridi. Ukungu haujainuka tangu jana.

Jairo, anayesimamia mitambo ya kwaya kanisani kwetu, kacheka mishale yangu. Pikapu ya kugandisha! Gita litalia kama maharage ndani ya kopo. Weka maiki mbele ya gita, kasema. Sawa – maiki gani? Hapo akaanza. Kuna maiki inayojitegemea, na kuna maiki inayokula umeme kutoka kwenye mikisa. Hiyo inayokula umeme inasikia vizuri zaidi. Ila inasikia kila kitu, upepo, kuku, watoto.

Kwa hiyo niitumie? Hapana. Kwa hiyo nisiitumie? Inategemea.

"Inategemea nini, kaka?"

"Inategemea na mtu mwenyewe."

Kituoni nina laktomita. Naiweka kwenye maziwa, inaelea, inasema – haya yametiwa maji, haya hayakutiwa. Hakuna wa kubishana nayo. Kwenye mambo ya sauti kila fundi ana laktomita yake!

Jumapili, 20 Julai

Aibu.

Watu walipotoka ibadani Jairo akafunga maiki mbili, moja ya gita, moja ya mdomo. Nikaimba ubeti wa kwanza. Hakuna kitu, gita tu. Akapandisha. Bado. Akapandisha tena – spika ikapiga filimbi, kali, kama sindano ndani ya sikio. Njiwa wakatoka darini wote. Mama aliyekuwa anapanga maua madhabahuni akaziba masikio.

Jairo kanieleza, na hapa angalau nimeelewa. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo anaipandisha maiki. Maiki ikipandishwa sana inaisikia na spika yenyewe. Spika inarudia, maiki inasikia tena, inarudia tena, ndiyo filimbi. Nikauliza, basi tuchukue spika kubwa zaidi? Kasema kubwa zaidi, filimbi kubwa zaidi.

"Dada, nikwambie ukweli? Maiki haizai sauti. Inabeba iliyopo."

Kasema kwa upole. Ndiyo maana imeniuma.

Emmanuel alikuwa nje kwenye pikipiki, ananingoja. Filimbi kaisikia, lazima. Je, na ile ya kabla ya filimbi? Kaniendesha polepole mpaka nyumbani, Makandana.

Jumatano, 23 Julai

Hashimu kapiga simu, njoo dada, nimepata dawa yako.

Nimeketi kwenye kigoda chake mbele ya duka. Kachomeka flashi kwenye ile spika ya magurudumu. Mara gita, na mara –

Mimi.

Harusi ya mwaka 2016, hapahapa Makandana. Hashimu ndiye aliyefunga mitambo siku ile, akarekodi, akasahau. Wimbo wa Elina mwanzo hadi mwisho. Ile sauti! Inapanda bila kusukumwa, inakaa juu, inashuka inapotaka. Nilikuwa nayo hiyo? Nilikuwa natembea nayo mtaani, naipigia kelele kuku?

Mama muuza njegere akasimama na beseni lake kichwani. Akauliza, nani huyo anayeimba hivyo? Hashimu akaniangalia.

Nikasema simjui.

Dawa ya Hashimu ni hii. Siku ya sendofu anaiweka hiyo flashi. Mimi nashika gita, nachezesha mdomo. Plei-beki. Hakuna filimbi, hakuna mishale, hakuna aibu. Hata wasanii wakubwa wanafanya, kasema, na wao hawajapasuliwa.

Nimesema nitafikiri. Sauti ni yangu, wimbo ni wangu. Mtu hawezi kujiibia mwenyewe. Au anaweza?

Jumapili, 27 Julai

Asubuhi nimekwenda zizini na ndoo ya pili. Nasikia mwanamke anaimba.

Emmanuel kaketi kwenye kigoda anakamua, simu kwenye mfuko wa shati, inaimba kwa sauti ya chini. Wimbo wa Elina. Mimi wa 2016. Aliponiona kaizima haraka, kama mume aliyefumaniwa!

"Hashimu alinitumia mwaka jana," kasema.

Mwaka jana! Kumbe Hashimu hakusahau kitu. Kumbe wote wanajua isipokuwa mimi.

"Unasikiliza kila asubuhi?"

"Si kila asubuhi." Halafu, "Ng'ombe anatulia."

Nikacheka. Halafu hasira ikaja, sijui ya nani. Namwonea wivu yule mwanamke, na yule mwanamke ni mimi. Nikamwambia, kwa hiyo unamkosa. Akasema nani? Nikasema yule. Akasema, "Mama Lugano, wewe si uko hapa?" Akaendelea kukamua. Nikabaki nimesimama na ndoo tupu.

Siku nzima sijui nimfanye nini. Nimemkaangia mayai. Sikumkaribisha.

Jumanne, 29 Julai

Mama kaja kutoka Kisiba, kaleta magimbi. Nimemweleza yote – spika, filimbi, flashi. Kasema niimbe, pale pale jikoni. Nimeimba ubeti mmoja, nimeinamia sufuria. Kaendelea kumenya gimbi lake, halafu, kwa Kiswahili chake kisicho na 'z':

"Samani ulikuwa unaimba kama unafukusa ng'ombe kwenye shamba la watu. Sasa unaimba kama umekaa jikoni."

Sasa ipi bora, mama?

"Ng'ombe nao lasima wafukuswe."

Hilo nalo ni jibu?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Tumekwenda Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima, Emmanuel kuangalia mitamba, mimi kuangalia spika. Kwenye banda moja, kati ya mashine za kukamulia parachichi na majiko ya gesi, kulikuwa na vyombo vya muziki. Anayeuza ni dada wa pwani, jina lake kifuani, Najat.

Nilimwonyesha bahasha yangu ya mishale. Hakucheka. Kauliza maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Unaimba umekaa au umesimama? Gita unapiga kwa kucha au kwa nyama ya kidole? Watu wanakula unapoimba, ama wanasikiliza? Halafu katoa spika ndogo, kama debe la mafuta lililokatwa, ya betri, na nyuma matundu mawili tu ya kuingizia sauti. Tundu la maiki, tundu la gita. Kila tundu na kitufe chake. Mishale yote imeisha!

Gita lake la maonyesho lina pikapu tayari, ndani, chini ya daraja la nyuzi – si ya kugandisha. Halikulia kama kopo. Kasema hata langu linaweza kuwekewa, na maiki ya mdomo niwe nayo karibu, midomo iguse.

Nikaimba. Hakuna kilichotoka.

"Mama, unaisukuma sauti. Usiisukume. Sogea, mwambie maiki kama unavyomwambia mtu siri."

Nikasogea. Nikamwambia siri.

Ikatoka! Haikupiga filimbi. Ikatoka yote – na kukwaruza kwake, na pumzi, na pale inapokatika katikati ya neno na kurudi. Kila kitu wazi, kama mtu kawasha taa chumbani sijavaa. Wanaume wawili waliokuwa wanaangalia jiko wakageuka. Nikaacha.

"Inafika mbali kiasi gani?" nikauliza.

"Watu hamsini, sitini wakitulia, watakusikia vizuri sana. Mia tatu nisikudanganye."

Sasa! Kubwa inapiga filimbi. Ndogo haifiki. Flashi inafika kila mahali. Nimeinunua ndogo, na pikapu ya chini ya daraja. Sijui kwa nini. Emmanuel kaipakata njia nzima kama mtoto, mitamba hata hakuitaja.

Jumapili, 10 Agosti

Jana Hashimu kaiweka pikapu, kwa heshima, mikono safi. Hakusema kitu juu ya Najat. Kasema tu flashi ipo.

Leo jioni, jua lipo bado, nimeweka spika barazani, mbele yangu kidogo, pembeni, kama Jairo alivyonielekeza – isimwangalie maiki usoni. Emmanuel kasema yeye atarudi nyuma shambani, atanyanyua mkono muda wote anaosikia maneno. Ndivyo alivyonisikia mara ya kwanza tangu nipasuliwe, mgongo wake ukiwa kwangu, anatembea kati ya migomba.

Mstari wa kwanza wa migomba, mkono juu. Wa tatu, juu. Wa tano, juu. Wa sita ukashuka, ukapanda, ukashuka.

Mstari wa sita ni hatua hamsini na kitu. Turubai la Alinanuswe ni mara tatu ya hapo.

Nilimaliza wimbo. Hakurudi mara moja. Niliona shati lake tu kati ya majani, kasimama. Aliporudi alikuwa na uso wa kawaida kabisa. Kasema, "Gita lipunguze kidogo. Linakufunika."

Basi. Hiyo tu! Nimelala nayo kichwani – ni sifa, au ni shauri la fundi? Lakini leo asubuhi (naandika hili Jumatatu) simu yake zizini ilikuwa kimya.

Jumanne, 12 Agosti

Elina kaja na kadi yangu, kaileta mwenyewe. Kapendeza, kakonda kwa harakati. Miaka ishirini na sita! Kakumbatia shingo yangu, kovu lote na skafu.

Nikataka kumwambia. Nikaanza, "Mwanangu, sauti ya mamdogo siku hizi –"

"Mamdogo, mimi nataka kitu kimoja tu. Wimbo uwe ule ule. Kama ulivyokuwa."

Kama ulivyokuwa lini? Alipokuwa na miaka minne nilimwimbia kitandani, polepole, asiamke mtoto wa jirani. Harusini niliuimba kwa nguvu. Anaukumbuka upi? Nilitaka kuuliza, simu yake ikalia, fundi wa gauni, akakimbia.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemkasirikia Alinanuswe na sijamwambia.

Nilikwenda Lufingo kuangalia uwanja. Unateremka, upepo unatoka juu, turubai litafunguka pande mbili. Jairo, aliyekodiwa pamoja na mikisa yake, kasema tunaweza kuchukua waya kutoka kwenye spika yangu ndogo kwenda kwenye zake kubwa. Hapo itafika? Itafika, kasema. Na filimbi? Inategemea. Jamani!

Alinanuswe kanivuta nyuma ya ghala la ndizi. Hashimu kamweleza habari za flashi.

"Tuse, rafiki yangu, wageni wa upande wa mwanaume wanatoka mbali. Kwa nini ujitese? Iko nzuri ile. Nimeisikia, nimelia."

"Na hii ya sasa hujaisikia."

"Sina haja. Nakuonea huruma."

Huruma! Yeye aliyelazwa mwezi mzima mimi nikamlelea mtoto, ananionea huruma mimi. Halafu nikamwangalia, macho mekundu, hajalala siku tatu, anaogopa watu wasimcheke siku ya mwanawe. Nikasema haya, Hashimu aje na flashi yake. Na mimi nije na spika yangu. Tutaona.

"Tutaona nini?" kauliza.

Kama ningejua.

Nimekubaliana na Hashimu. Atakaa kwenye mikisa na Jairo. Nikiinamisha kichwa, anabonyeza. Nisipoinamisha, asiguse kitu. Kaniapia.

Jumamosi, 16 Agosti

Lufingo, chumba cha Alinanuswe, saa kumi alasiri. Daftari limo kwenye mkoba wa gita. Naandika kupitisha muda.

Manyunyu yalianguka saa sita, yakaacha. Turubai limejaa. Zaidi ya mia tatu, wamesimama mpaka kwenye migomba. Nimeambiwa ningoje humu mpaka MC anitaje, baada ya wazee wa upande wa mwanaume kumaliza kusema. Wazee hawamalizi.

Tumejaribu mitambo asubuhi. Spika ndogo, waya, spika kubwa. Mara ya kwanza filimbi. Jairo akageuza kitu, ya pili safi. Ya tatu filimbi kidogo. Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?

Emmanuel kaingia na maji ya moto ya asali. Nimemwuliza nifanye ipi. Kasema yeye hakuja kuamua, kaja kubeba spika. Nikasema hilo si jibu. Kasema anajua. Katoka.

Elina nimemwona kupitia dirishani, kakaa pale mbele, mikono mapajani kama mtoto wa shule.

Wanapiga makofi. Mzee kamaliza. MC anaongea – jina langu nimelisikia. "Mamdogo wa bibi harusi, Tusekile." Naweka –

Gita limeanza huko nje.

Nilidhani Jairo anajaribu. Si Jairo. Ni mimi. Hashimu kabonyeza. Kichwa changu hakikuwepo kuinama wala kutoinama! Sijui kaniona wapi, sijui Alinanuswe kampa ishara. Watu wanashangilia. Wanapiga vigelegele. Wanadhani naja naimba, wananitafuta kwa macho. Ile sauti imejaa uwanja mzima, inapita juu ya turubai, inakwenda ng'ambo.

Elina kasimama. Anaangalia huku na huku.

Gita liko mapajani mwangu. Halijapigwa.

Emmanuel yuko mlangoni. Kashika ile spika ndogo kifuani, waya wa kwenda spika kubwa kauchomoa, unaning'inia.

"Twende kwa Elina," kasema. "Hii nimeisikia mno."

Huko nje naimba ubeti wa pili. Wimbo una beti nne.